Kibuyu cha Mama Mkwe

"Kibuyu kinung'unikacho ndicho kitulizacho." Ndiyo hiyo mliyoisikia kwa kina mama kisimani, mkanijia nayo mbio kama mmeokota yai. Haya, kaeni. Na wewe unayecheka, ngoja tu. Tumbo lako nalo litakuja kusema. Mambo yalikuwa hivi.

Matinde, binti wa ng'ambo ya mto, aliolewa na Sinda. Mama yake Sinda alikuwa amefariki kwa homa miezi miwili kabla ya harusi, na pale nyumbani alibaki bibi yake mkongwe, Nyakorema. Siku ya kwanza bibi alimwonyesha mkwe kibuyu cheusi kilichoning'inia juu ya meko. "Hiki ni cha marehemu. Kimiminie maziwa kidogo kila asubuhi. Kisikauke, wala maji yasikiguse."

Kwao Matinde wafu hulishwa. Akaelewa hivyo: anamlisha mama mkwe. Alimimina huku amefumba macho, asithubutu hata kulamba kidole. Lakini kila alipokishika asubuhi, kibuyu kilikuwa kimepungua nusu. Tena kilinung'unika. Gru... gru... polepole, kama mtu anayesema huku amejifunika blanketi.

Baya zaidi, tumbo lake lilikijibu.

Tumbo hilo lilimtesa tangu usichana. Akila maharage linajaa na kumkata; leo anakimbilia vichakani mara tano, kesho na keshokutwa choo hakuna. Sasa kibuyu kikinguruma, nalo linaitika, mbele za watu. Majirani wakaacha kupokea chakula mkononi mwake. "Huyo hakuja peke yake," walisema. Ukoo ukatoa neno: mavuno yakifika tumbo halijanyamaza, arudishwe kwao. Matinde alilia sana, maana alimpenda mumewe kweli.

Siku ya gulio, mchana wa jua kali, akasema liwalo na liwe, kibuyu anakitupa mtoni. Akaingia jikoni, na mle kwenye moshi akasikia: glu, glu, glu. Mtu anakunywa.

"Mama mkwe," alisema akitetemeka, "nisamehe. Niachie tumbo langu."

"Mama mkwe gani, mjukuu wangu? Ni mimi." Nyakorema akajitokeza, mdomo mweupe kwa mtindi.

"Bibi! Unakunywa chakula cha marehemu?"

"Ala! Chakula cha marehemu? Hii ni mbegu ya maziwa, mtoto wee! Ukitia mapya, ya zamani yanayagandisha, ndiyo maana yananung'unika. Mama mkwe wako alikuwa na tumbo hilo hilo lako, la kukata na kugoma. Kata moja ya mtindi kila asubuhi, likatulia. Nimekuachia unywe, wewe unamimina na kukimbia! Huku kila mtoto anajua."

Matinde akaipokea kata kwa mikono miwili. Mtindi ulikuwa mchachu, unanukia moshi. Akanywa huku machozi yakimtoka. Kesho yake akanywa tena, na siku zilizofuata. Tumbo halikupona kwa siku moja, wala halikupona kabisa. Akizidisha maharage lilimkumbusha. Lakini mavuno yalipofika aliwaandalia wazee wa ukoo, akapiga magoti katikati yao na bakuli mkononi, na tumbo likakaa kimya. Sinda akashusha pumzi hadi wazee wakageuka kumtazama. Hakuna aliyetaja tena habari za kumrudisha.

Wageni walipoondoka, Matinde akamtania bibi. "Kumbe ndiwe mwizi uliyekuwa ukinimalizia nusu kila siku!"

Nyakorema hakucheka. "Mimi hunywa siku ya gulio tu, mjukuu wangu."

Wakatazama juu ya meko, wote wawili. Kibuyu kikasema gru. Ngozi ilimsisimka Matinde, lakini hakukimbia. Akainuka, akakimiminia maziwa macho wazi, na akazidisha kidogo, ya mama mkwe, mwenzake wa tumbo.

Tangu hapo, mtu akitaka kukitupa kinachomtisha kabla hajakionja, huku kwetu huambiwa: kibuyu kinung'unikacho ndicho kitulizacho.