Asili ya Okei

Palikuwa na mwenye nyumba, Bwana Shekalaghe, aliyeringia Kiingereza hata kuku akawafukuza kwa Kiingereza. Mpangaji akimchosha, alimpa mtihani wa neno moja, na jibu lolote alilolipata alisema, "Umekosa!", vyombo vikatolewa nje. Basi zamu ikamfikia Siwema, mama wa kichanga, kwa kosa la mtoto kulia.

Siwema akaomba jambo moja tu: Bi Mashavu, shangazi wa mwenye nyumba, aje ampakatie mtoto wakati wa mtihani. Bibi akaja na mkongojo wake, na uani pakajaa watu.

"Neno ni okei," alisema Bwana Shekalaghe. "Maana yake?"

"Nimekubali, baba."

"Matumizi?"

"Kumkatia simu mtu asiyemaliza maneno."

Watu wakaangua kicheko.

"Na asili? Nani alilianzisha?"

Siwema akasema mbiombio, "Marehemu babu yako! Wazungu walipita wakiomba maji, akawajibu okei, wakalipenda, wakaenda nalo kwao. Nani asiyejua?"

Bi Mashavu akapiga kigelegele. "Ndiye baba yangu huyo! Alikuwa na maneno yule!"

"Ume..." alianza Bwana Shekalaghe.

Mkongojo ukainuka. "Malizia, mwanangu. Baba yangu mimi hakulisema?"

Bwana Shekalaghe akatazama mkongojo, akatazama watu.

"Alilisema, shangazi. Amepata. Abaki."

Siwema akampokea mtoto, akakimbilia chumbani kabla kicheko hakijamtoka.