Picha ya Posa ya Bwana Nyati

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walioana kwa posa na kupigwa picha kama sisi, aliishi Kindi, mpiga picha. Mwili wake mdogo, kamera yake nusura imzidi uzito, lakini jicho lake, jamani! Aliweza kulala kifudifudi asubuhi nzima akingoja jua liguse uyoga mmoja tu.

"Nani atatundika uyoga ukutani?" wenzake walimcheka.

"Asiyewahi kuutazama," aliwajibu.

Siku moja lakini hakuwa na hamu ya uyoga. Alikuwa amejibanza kwenye mkwaju wake mkubwa, moyo ukimdunda du! du! du! Ndani ya tundu la mti walilala wanawe wachanga, hata macho hawajafumbua. Na chini walisimama Bwana Nyati, mchoma mkaa, na kibarua wake Ngiri, shoka begani.

Nyati aliugonga mti kwa pembe. Ko! Ko! "Mnene huu! Utajaza tanuru peke yake. Leo leo tunauangusha."

Kindi alitazama huku na huku. Awahamishie wapi wanawe? Bondeni kote miti ilikwisha liwa na tanuru, vimebaki visiki vyeusi. Kumwomba Nyati, alikwisha mwomba, akaambulia matusi.

"Bosi, tuanze na ile picha," Ngiri akamkumbusha. "Wakwe wanaingoja."

Kumbe Nyati, na ubabe wake wote, alikuwa anaposa! Alimtaka binti wa ng'ambo ya milima, nao wazee wake walitaka kwanza kuona picha ya huyo mwanamume.

Kindi aliteremka mbio. "Picha, bwana mkubwa? Mpiga picha nipo!"

"Nipige penye tanuru langu," akaamuru Nyati. "Waione mali."

Kacha! Picha ikachomoza kwenye kamera. Nyati akaikodolea macho.

"Mbona sionekani? Mimi niko wapi?"

"Huyo hapo, bwana, kati ya kisiki na gunia la mkaa."

"Hiki si kisiki?"

"Kisiki ni hicho kingine. Chenye macho ndicho wewe."

Ngiri alicheka kwi! kisha akajifanya anakohoa.

"Unanichezea!" Nyati alinguruma.

Kindi aliinama haraka. Neno moja baya, na yeye na wanawe wamekwisha. "Sithubutu, bwana! Mweusi juu ya masizi haonekani. Picha ni mwanga. Njoo usimame chini ya mkwaju, jua lipenye majanini."

Nyati akaenda kusimama, akinung'unika. "Bado tu?"

"Bado kidogo. Tungoje jua."

Juu, mtoto mmoja alilia nyii, nyii. Kindi alikohoa kwa nguvu ili Nyati asisikie. Mara jua likashuka kati ya matawi, likameremeta juu ya pembe, likawasha kila jani. Kacha!

Nyati aliitazama picha ile. Akaitazama tena.

"Hapa ni hapa hapa petu?"

"Hapa hapa, bwana."

"Sikujua pako hivi," alisema polepole. Kisha akajikaza, akamwita Korongo, tarishi wao, akamkabidhi picha, naye akaruka kuelekea milimani.

"Haya Ngiri, kazi!"

Pa! Shoka likazama kwenye gome. Watoto wakapiga kelele tunduni. Kindi akaropoka la kwanza lililomjia mdomoni.

"Bwana! Shangazi zake binti wakija, utawaambia nini?"

"Shangazi gani tena?"

"Kwani hukuambiwa? Ndiyo mila yao! Huja na picha mkononi, wakalinganisha jani kwa jani. Kikipungua kitu, mchumba ni mwongo, posa imevunjika!"

"Mbona hukusema mapema?"

"Hukuniuliza, bwana."

Nyati alitimka. "Korongo! Weee, Korongo! Rudi!" Korongo alikuwa amekwisha vuka mlima. Nyati akarudi akihema, akamnyang'anya Ngiri shoka.

"Usiguse hata tawi, mpaka waje."

Tangu hapo Kindi hakupata usingizi. Mila ile aliitunga mwenyewe! Shangazi wakija wakaikana, nani atamwokoa? Kila vumbi likitimka njiani, alikimbilia tunduni kuwafunika wanawe.

Siku ya siku, wakaja. Shangazi mkubwa, nyati wa pembe pana, alikuwa ameishika picha mkononi. Nyati alisimama mbele yao, kifua mbele.

"Karibuni, mama zangu! Linganisheni, kama mila yenu ilivyo."

"Mila gani?" shangazi akashangaa. "Kwetu hakuna mila hiyo."

Nyati aligeuza shingo taratibu kumtafuta Kindi. Kindi alifumba macho. Leo ndiyo leo, aliwaza, nimekwisha.

"Picha tumeileta kwa sababu nyingine," shangazi aliendelea. "Wewe hatukukutazama sana, baba. Tumekuja kuuona mti huu. Kwetu tulikata yote, na visima vikakauka. Binti yetu tangu aione picha haiachi mkononi, analala nayo. Ametuambia, 'Niozeni pale.'" Akalipapasa gome, kidole kikagota kwenye jeraha la shoka. "Nani kalifanya hili?"

"Ni... ni Ngiri," Nyati alibabaika.

"Mimi?" Ngiri akaruka.

"Sikilizeni wote. Tawi likikatwa hapa, binti tunamrudisha kwetu," shangazi akaonya.

"Halikatwi, mama! Naapa, halikatwi!" Nyati akaapa mbele ya wote, huku akimtolea Kindi jicho kali. Alijua amepigwa chenga, na hana la kufanya.

Kindi akapanda zake juu, akajilaza kando ya wanawe, akalia kwa furaha.

Hivyo ndivyo mkwaju ulivyopona, wanangu, nanyi kumbukeni: kitu kikishaonekana uzuri wake, hakikosi mtetezi.