Ijumaa Bila Wavu

Kulikuwa na mwalimu mkuu mmoja, suti yake imenyooka kuliko barabara ya kwenda wilayani. Mnacheka? Subirini.

Walimu wake walikuwa na desturi. Kila Ijumaa jioni, watoto wakishatoka, wanacheza mpira wa wavu. Mwalimu wa Hisabati na kitambi chake anaruka, mwalimu wa Sayansi anaiba pointi mchana kweupe. Asiyetokea wanamfuata kwake na jasho lao: "We, umeolewa au unaumwa?"

Mkuu akaona aibu. "Watu wazima mnarukaruka mbele ya wanakijiji! Kunjeni huo wavu, mkaandae masomo."

Mwalimu wa Hisabati akasema, "Mkuu, hiyo ndiyo saa pekee tunayoonana."

"Mtaonana kwenye kitabu cha mahudhurio."

Shule ikatulia. Mkuu akajiona ameweza.

Muhula uliofuata akaletwa mwalimu mgeni, kijana wa kutoka mbali. Asubuhi anasaini, anafundisha, jioni anasaini, anajifungia. Ijumaa moja akashikwa na homa. Nani ampitie? Jumatatu hakusaini. Mkuu akaandika kwa wino mwekundu: mtoro. Jumanne akamwandikia barua ya onyo, tena akaipeleka mwenyewe. Akabisha. Akabisha. Mlango ulipovunjwa, mwili wa yule kijana ulikuwa umeshapoa.

Mama yake alipofika, hakulia kwanza. Aliuliza, "Baba, mwanangu alikuwa akicheka na nani huku?"

Saa ambayo kijana aliingia kazini kila siku, Mkuu alikuwa anaijua mpaka dakika. Kicheko chake hakuwahi kukisikia.

"Nisamehe, mama," akasema, na ile barua bado iko mfukoni mwa koti.

Mimi shule niliiacha darasa la tano, na leo nawafundisha walimu. Semeni amina! Mbona hamsemi?

Ndugu zangu, sisi si ndio hao? Tunaitana wapendwa, tunahesabu waliokuja, tunaenda nyumbani. Kucheza pamoja tunaona utoto. Kula pamoja tunaona hasara. Tutajuana lini, msibani?

Leo ibada ikiisha, hakuna kukimbilia ugali. Tazama hapo kwenye benchi lako, pale palipo wazi. Aliyekuwa akikaa hapo, mara ya mwisho umemwona lini?