Kwa Nini Watoto Hukua kwa Vipande

Kaeni basi. Togolai mwanangu, zima hiyo redio, na wewe mama Eliamani sogeza kigoda karibu, hizi ndizi nitazimenya huku nikisema. Mmekuja kunieleza kwamba Eliamani amekuwa mwanaume. Sauti imekuwa nzito, viatu vya baba yake vinambana, na kwa hiyo lori likija leo ataondoka nalo kwenda kupasua mawe kule machimboni. Sikuombwa ushauri, nimepewa taarifa. Haya, nimeipokea. Lakini mimi niliyemzaa baba yake nina haki ya kusema kidogo kabla lori halijafika, na nitakalosema ni hili la kamba, ambalo bibi yangu alinipa na yeye alipewa na bibi yake.

Zamani sana, misitu ya milima hii ilipokuwa bado inashuka hadi bondeni, watoto hawakukua kama wanavyokua sasa. Mtoto alipozaliwa, mama yake alimfunga kiunoni kamba ya nyuzi za mgomba. Kamba hizo zilisokotwa na kizee mmoja aitwaye Naetwe, aliyeishi peke yake juu ya chemchemi, na hakuna aliyekumbuka siku ambayo hakuwa mzee. Kila kamba ilikuwa na mafundo, na ndani ya mafundo ulikuwa umefungwa ukubwa wa mwili: fundo la mifupa, fundo la sauti, fundo la ngozi, fundo la ndevu, na mengine. Maadamu mafundo yamekaza, mwili ulibaki wa mtoto.

Kilichotangulia kukua wakati huo kilikuwa kichwa. Mtoto alijifunza kungoja, kuogopa kinachostahili kuogopwa, kumjua mwongo kwa kumsikiliza tu, na yote hayo akayajua akiwa bado na mwili mdogo. Ungeona kitoto kinacholingana na kinu kimekaa na wazee kikishauri habari za mipaka ya mashamba, wala hakuna aliyecheka. Akili ilipotimia, mafundo yalilegea yenyewe. Mama aliyafungua asubuhi kwa vidole, moja baada ya jingine, mtoto akalala mchana akifunikwa ngozi ya mbuzi, na jioni akaamka mtu mzima. Balehe ilianza baada ya uji ikaisha kabla ya chakula cha usiku, na kila mtu aliijua siku yake. Katazo lilikuwa moja tu. Fundo lisilolegea halilazimishwi, si kwa meno, si kwa msumari, si kwa kisu.

Basi palikuwa na mjane aitwaye Nakijwa. Mumewe alikufa kwa homa akamwachia mwana wa kiume, Mbonea, na binti mdogo, Namsi. Akamwachia pia shamba la maharage na migomba ambalo, kama haya yetu, liliishi kwa maji ya mfereji. Maji yalikusanywa kwenye bwawa la udongo, lile tunaloliita ndiva mpaka leo, na kila nyumba ilipewa zamu ya kuyafungulia shambani mwake. Lakini zamu ilikuwa ya nyumba yenye mwanaume wa kuzibua mfereji na kukarabati ukuta wa ndiva. Nyumba isiyo na mwanaume haikuwa na zamu.

Mwaka ule mvua za vuli hazikuja. Nakijwa akaenda kwa Mrindoko, msimamizi wa maji, aliyekuwa rafiki wa marehemu mumewe. Hakuwa mtu mbaya. Msinielewe vibaya, katika habari hii hamna mtu mbaya hata mmoja, na ndicho kinachoniumiza.

"Shemeji, sheria ya maji sikuitunga mimi," Mrindoko alimwambia. "Nikikupa wewe bila mtu wa kazi, kesho watanijia wote. Mbonea atakua lini?"

"Mafundo yake bado yamekaza."

"Basi subiri yalegee. Hilo nalo si langu."

Akarudi nyumbani kusubiri. Maharage yakanyauka. Migomba ikainamisha majani, na wakaanza kuchimbua vigogo vyake na kupika moyo wa ndani, ambao hujaza tumbo bila kulishibisha. Namsi akaacha kucheza. Alikaa tu mlangoni, midomo imepasuka, na mama yake alipompita alikuwa hainui macho. Mbonea yeye alikuwa nyuma ya nyumba akifinyanga ng'ombe wa udongo. Aliwapa majina wote, na mmoja asiye na pembe alimsema kila siku kwa ukaidi wake. Hivyo ndivyo kichwa chake kilivyokuwa bado.

Nakijwa aliyajaribu yale mafundo kwa vidole mpaka kucha zikavuja damu. Hayakusogea. Asubuhi moja Namsi alipoitwa hakuitika, akawa anatazama tu, na Nakijwa akaingia ndani akatoka na kisu cha kuvunia. Nani hapa angefanya vingine? Mimi sijui kama ningefanya vingine, na nimeliwaza jambo hilo tangu nilipokuwa msichana. Akamwita Mbonea, akamwambia asimame wima asitikisike, akaikata kamba. Mbonea alicheka, maana kisu kilimtekenya.

Mchana akalala. Alilia usingizini mifupa ilipokuwa ikinyooka, na mama yake alikaa naye akimshika mguu ambao ulikuwa ukirefuka mikononi mwake. Jioni aliamka mwanaume mwenye ndevu, mabega mapana, kichwa kinagusa paa. Akafungua mdomo amwite mama yake, akashtuka akageuka nyuma.

"Mama, hii ni sauti ya nani?"

"Ni yako."

Akakimbia kujificha chini ya ghala. Akakwama, kwa sababu alikuwa bado anajipima kwa mwili wa jana.

Usiku huo Nakijwa alimfundisha. Alimwambia asiwaonyeshe wanaume wale ng'ombe wa udongo. Alimwambia wakimcheka asilie. "Na ukiogopa, usinikimbilie," akasema. "Mtu mzima hamkimbilii mama yake. Ukinikimbilia watajua, watatunyang'anya maji, na mdogo wako atakufa. Umenisikia?"

"Hata kidogo nisikimbie?"

"Hata kidogo."

Mbonea alikuwa mtoto msikivu. Kulipokucha akaenda mferejini na jembe la baba yake. Mrindoko alimtazama urefu, akamtazama ndevu, akampa zamu. Hakumwuliza hata swali moja, kwani tangu lini mtu mwenye ndevu akaulizwa kama amekua? Maji yakaingia shambani kwa Nakijwa. Maharage yakaamka, Namsi akala, na siku moja akasikika akiimba mlangoni. Mbonea alifanya kazi ya watu wawili, wanaume wakampenda. Wakati wa kupumzika alikuwa akipotea nyuma ya mawe. Mrindoko alimfuata mara moja akamkuta amechutama na mijikono yake ile mikubwa, anamkaripia ng'ombe wa udongo asiye na pembe. Mrindoko akaelewa. Akarudi kimyakimya akakaa na wenzake, kwa sababu ukuta wa ndiva ulikuwa umechoka na watu wa kazi walikuwa wachache.

Masika yakaja kwa hasira. Siku ya mvua kubwa kuliko zote, ndiva ilijaa kabla ya adhuhuri. Chini ya ukuta palikuwa na kizibo cha gogo kilichozuia maji yasishuke mashambani yote kwa mpigo. Mrindoko akamweka Mbonea pale, kwa kuwa ndiye mwenye nguvu kuliko wote.

"Kiegemee kwa mabega. Usitoke mpaka nikuambie," akasema, kisha akapanda na wenzake kwenda kuugeuza mkondo kule juu.

Amri hiyo alikuwa akimpa kila mtu, na kila mtu aliijua maana yake: kaa, lakini ukuta ukianza kulia, kimbia. Halikuwa jambo la kumwambia mtu mzima. Mtu mzima analijua.

Ukuta ukaanza kulia. Udongo ulitoka vipande vipande na maji yakachirizika kwenye nyufa. Wanawake waliokuwa bondeni walipiga yowe, na Nakijwa akaja mbio mpaka ukingoni, akamwona mwanawe amekiegemea kile kizibo, maji yamemfika kifuani. Pale alipokuwa mpaka ukingoni palikuwa karibu, mtu angeruka akafika. Nakijwa akafungua mikono.

"Mbonea, njoo. Njoo kwa mama."

Akamwona ananyanyua mguu. Kisha akamwona anatazama kule juu walikokuwa wanaume, wakimwona wote, na akaurudisha mguu chini. Kidevu kilikuwa kinamtetemeka ndani ya ndevu.

"Mama, si ulisema nisikukimbilie?"

Nakijwa alimjibu. Hakuna ajuaye alimjibu nini, kwa kuwa ukuta ulianguka wakati huohuo.

Walimpata jioni kwenye migomba ya chini. Halafu kukawa na ubishi wa maziko. Watoto wakati ule walizikwa kando ya mlango, wasiwe mbali na sauti za nyumbani, na watu wazima walizikwa msituni kwenye makaburi ya ukoo. Nakijwa aliomba amzike mlangoni. Wazee wakaja na ufito, wakaupima mwili, wakasema huyu ni mtu mzima. Akazikwa msituni, peke yake kati ya wazee ambao angewaogopa.

Nakijwa akaichukua ile kamba iliyokatwa akapanda nayo mpaka kwa Naetwe. Akamwomba aiunge, mwanawe arudi mdogo, hata kama ni mdogo aliyekufa, ili apate ruhusa ya kumleta mlangoni. Naetwe akaishika kamba kwa vidole akainusa.

"Mjukuu wangu, kamba zote nilizisokota kutoka mgomba mmoja," akasema. "Kisu kilichoingia kwenye hii kimezipita zote. Shuka ukaangalie."

Akashuka, akakuta vilio kila nyumba. Kamba zilikuwa zimetoweka viunoni mwa watoto. Ziliingia ndani ya ngozi, na mpaka leo zimo humo, hakuna mkono unaozifikia. Mafundo nayo yakachanganyikana. Tangu hapo yakawa yanafunguka yenyewe, bila mpango, moja likingoja jingine kwa miaka. Kwa huyu litaanza la mifupa, miguu imkimbie mwili na magoti yamuume usiku. Kwa yule litaanza la sauti, likwame katikati, aseme neno moja kwa sauti mbili. Fundo la ngozi likifunguka vibaya, uso utajaa chunusi. Mtoto atacheka asubuhi na kulia mchana, ukimwuliza ana nini hajui. Wasichana mara nyingi yataanza kuwafungukia mapema, wavulana yatachelewa, na ndugu wa tumbo moja hawatafanana.

Nakijwa akarudi tena kwa Naetwe, safari hii kwa ajili ya Namsi.

"Litakalofunguka mwisho ni lipi?"

"Lile la kichwani. Zamani lilikuwa la kwanza, sasa limerudi nyuma kabisa, hapa ndani ya paji la uso. Litalegea polepole, mwili ukiwa umeshamaliza siku nyingi. Hata mwenyewe hataijua siku."

"Basi watu wataona miguu mirefu na ndevu, watadhani amemaliza."

"Watadhani."

"Waambie, bibi. Wewe watakusikiliza."

"Mimi nasokota kamba tu," Naetwe akasema. "Waambie wewe, ndiye uliyeona."

Nakijwa akawaambia. Alizunguka nyumba kwa nyumba, akawaeleza habari ya fundo la paji la uso, akawaonyesha kamba na mahali ilipokatwa. Walimsikiliza kwa heshima zote, wakampa pole, wanawake wakalia naye. Ndiva ilipojengwa upya, wakatafuta kijana mrefu mwenye mabega wakamweka kwenye kizibo. Alikuwa na ndevu chache na sauti isiyojua ikae wapi. Nakijwa alipomwona pale alikaa chini, na inasemekana hakuzungumza tena habari hiyo. Alibaki na Namsi. Kila asubuhi alimpima kwa macho, akamwuliza, "Umemaliza kukua?" na Namsi akajibu kwamba hajui. Alimwuliza hivyo mpaka Namsi naye akawa na watoto, na jibu lilikuwa lilelile.

Na tangu siku hiyo hakuna anayeweza kuonyesha mahali ambapo utoto umeishia. Daktari atapima mifupa akasema hii imefunga, haikui tena. Mwalimu atasema darasa fulani, serikali itasema miaka fulani, na wote wanapima kwa ufito kama wale wazee. Tangu siku hiyo pia, msiniambie si kweli, kila nyumba ina kisu chake, na kila nyumba ina sababu nzuri. Najua dukani mnadaiwa. Najua wadogo zake wanakunywa uji bila sukari. Nakijwa naye alikuwa na sababu.

Nimeshamaliza ndizi. Lori nalo nalisikia linapiga honi pale chini, na sijaona hata mmoja wenu aliyeinuka kwenda kulirudisha. Sikutegemea. Eliamani amesimama uani na begi lake tangu asubuhi. Hajaniaga vizuri, na yeye hamtazami mama yake kabisa. Nikajiuliza kuna nini, mpaka nikakumbuka kwamba jana, Togolai, nilikusikia ukimfundisha.

Nenda basi, kabla hajapanda. Mwambie umekosea, mwambie kule akiogopa anaruhusiwa kukimbia. Atakuitikia ndiyo baba, kwa ile sauti yake nzito. Sijui kama atakuamini.