Kwa Nini Aliyefungwa Huinuka Benchini

Kaeni niwape habari za karata, na simu zenu ziwekeni mfukoni. Ninyi mliokuja kushindana leo mmeukuta mchezo huu una jina lake na picha yake, ukiutaka unaupakua wenyewe, unacheza. Mnadhani ulizaliwa hivyo. Haukuzaliwa hivyo hata kidogo! Zamani karata hizi zilikuwa zinaishi mlangoni kwa mchezo mwingine, na mwenye mchezo ule hakuzitaka.

Zamani hizo kulikuwa na mchezo mkubwa wa simu ulioitwa Ngome ya Mfalme. Uliundwa hapa hapa Tanga, kwenye ofisi ya ghorofani juu ya duka la nondo, na mwenyewe alikuwa Bwana Mbelwa. Ulikuwa mchezo wa vita. Ndani yake mlikuwa na wafalme, mapanga na farasi, na farasi wale niliwachora mimi, Siwema, mia mbili na arobaini kwa hesabu, mpaka leo nikiona farasi nageuza uso. Miaka minne tulihangaika nao. Bwana Mbelwa alikuwa akisema dunia nzima itapigana ndani ya ngome yake.

Shida ilikuwa lango. Simu za watu wakati ule zilikuwa nzito, na ngome ilikuwa kubwa, basi lango lilichukua karibu dakika nzima kufunguka. Watu walichoka, wakatoka, wakaenda zao. Bwana Mbelwa akamwita Riziki Shekue, binti aliyekuwa akituandikia programu, akamwambia, "Niwekee kitu pale langoni cha kuwashika watu. Chochote. Wiki moja tu, usinipotezee muda."

Riziki akaweka benchi. Benchi la mbao, nje ya lango, walinzi wamekaa wanacheza karata, na wewe unaruhusiwa kukaa nao. Wawili kwa wawili, na mnacheza na watu kweli, walioko Muheza, Korogwe, Lushoto, popote. Sheria hakuzitunga kichwani. Alizichukua kwa baba yake, Mzee Bakari Shekue, aliyekuwa na kijiwe chake cha karata miaka thelathini, pale kwa fundi baiskeli, Ngamiani. Na sheria kubwa ya kijiwe kile mnaijua. Mkifungwa mnainuka. Mnakwenda mwisho wa benchi, walio mbele kwenye foleni wanakaa, nanyi mnangoja zamu yenu mkitazama. Hakuna cha mwalimu wala tajiri wala haji. Umefungwa, inuka.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Mwaka mmoja kabla ya hapo Mzee Shekue alipigwa na kiharusi, miguu ikakataa. Alipopata nafuu kidogo, Riziki akamsukuma kwa kiti cha magurudumu mpaka kijiweni. Wenzake walimfurahia, wakamgawia karata, akacheza, akafungwa. Akashika magurudumu yake aondoke apishe. Wenzake wakasema, "Aa, mzee wetu, wewe kaa tu. Usihangaike." Walisema kwa mapenzi, sikatai. Lakini Mzee Shekue hakurudi tena kijiweni. Alimwambia binti yake, "Wamenitoa kwenye mchezo, Riziki. Mtu asiyeinuka akifungwa hachezi, anabembelezwa."

Ndiyo maana Riziki alipoliweka lile benchi la simu, mtu wa kwanza kumpa alikuwa baba yake. Kwenye benchi lile hakuna aliyejua habari za miguu yake. Alikuwa mlinzi mwenye kofia nyekundu, nilimchora mwenyewe, na alipofungwa alisimama wima kwa miguu yake miwili, akatembea mpaka mwisho wa foleni pamoja na wengine. Riziki aliniambia kwamba baba yake alicheka siku ile alipofungwa mara ya kwanza. Alicheka mpaka akakohoa! Akapata na mwenzake wa kucheza naye, Bi Mwantumu, fundi cherehani wa Pangani, hawakuwahi kuonana ana kwa ana, na kila siku baada ya alasiri wawili hao walikuwa benchini.

Kumbe hawakuwa peke yao. Mwezi wa kwanza watu wakacheza karata wakisubiri lango. Mwezi wa tatu lango likawa linafunguka, farasi wangu wamesimama wamepambwa, na hakuna anayeingia. Watu wamekaa nje! Mfalme yuko ndani anangoja kuokolewa, jeshi la adui limefika, na watu wanabishana nani alitupa turufu mapema. Bwana Mbelwa alizunguka ofisini ameshika kichwa. "Miaka minne nimejenga ngome," alisema, "watu wamekuja kukaa mlangoni kwangu!" Akaamuru benchi litolewe.

Likatolewa. Jamani, wiki ile! Watu hawakuingia ngomeni kama alivyodhani, walitoka kabisa. Barua zikamiminika, rudisheni benchi, rudisheni benchi, wengine na matusi juu. Na mimi sikuwa na habari na barua, nilimfikiria yule mzee. Riziki alimkuta ameshika simu, anatazama lango lililofunguka, chakula kimepoa pembeni. Neno alilosema ni moja tu, "Mwantumu atadhani nimekufa."

Bwana Mbelwa alipoona ngome imebaki tupu, akabadilika. Akatuita, akasema kwamba yeye tangu mwanzo aliona karata zina maisha yake, na kwamba sasa atazitoa langoni ziwe mchezo kamili, wenye jina lake. Tangu mwanzo! Mtu aliyezing'oa siku tisa kabla! Nikamtazama Riziki, Riziki akatazama chini. Kwenye ukurasa wa mbele wa mchezo mpya yakaandikwa maneno makubwa: Umebuniwa na Mbelwa. Jina la Riziki halikuwepo, hata chini kabisa, hata kwa maandishi ya sisimizi.

Hilo Riziki angelimeza. Lililomkaba ni lile la pili. Bwana Mbelwa alisema kwenye mchezo mpya hakuna kuinuka.

"Mteja hainuliwi," alisema. "Amefungwa, ana hasira, halafu umwinue tena? Ataondoka. Mwache akae palepale abonyeze 'Cheza tena'."

"Na wanaosubiri?" Riziki akauliza.

"Watasubiri."

"Mpaka lini, Bwana Mbelwa? Bila kuinuka hakuna benchi. Baba yangu—"

"Riziki. Huu mchezo ni wa nani?"

Riziki akarudi mezani kwake. Na mimi sikumtetea, nawaambia kweli ingawa inaniuma. Nilikuwa na penseli mkononi, nikajitia nachora.

Basi ikafika siku ya kuonyesha mchezo mpya. Bwana Mbelwa alikodi ukumbi, mchana kweupe, akamwagiza seremala benchi la kweli linalofanana na lile la langoni, akaliweka mbele chini ya kioo kikubwa kama cha televisheni ili watu waone karata. Akawaalika wachezaji hodari wa benchi la zamani. Walikuja kutoka kila upande, watu sitini na zaidi, wakapanga foleni ukutani. Mzee Shekue alikuja kwenye kiti chake, amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia nyekundu kama ya yule mlinzi wake. Ndipo mwanamama mmoja mnene, mwenye futi ya kupimia nguo bado shingoni, akasimama mbele yake akamtazama, akasema, "Shikamoo, kofia nyekundu." Mzee akaitika, "Marahaba, Mwantumu. Siku ile ya mwisho uliniponza." Wakacheka wote wawili, na Bi Mwantumu hakusema lolote kuhusu kiti.

Mchezo wa kwanza Bwana Mbelwa alitaka aufungue mwenyewe, yeye na mhasibu wake, dhidi ya Mzee Shekue na Bi Mwantumu. Karata zikagawiwa. Na karata hazina adabu, ziliwaendea vizuri wale wa ofisini. Mzee na mwenzake wakafungwa. Kwenye kioo likatokea neno 'Cheza tena', na yule mlinzi mwenye kofia nyekundu amekaa palepale, hakuinuka. Mzee alimtazama. Kisha akaiweka simu juu ya benchi, akashika magurudumu, akaanza kugeuza kiti. Bi Mwantumu naye akainuka.

Bwana Mbelwa akasema kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia, "Aa, mzee wangu, siku hizi hakuna kuinuka. Wewe kaa tu. Usihangaike."

Maneno yale yale! Riziki aliziba mdomo kwa mtandio.

Mzee Shekue akajibu, "Nimefungwa." Basi. Akajisukuma mwenyewe mpaka mwisho wa foleni, ukumbi ule mrefu, mkono mmoja una nguvu na mmoja hauna, kiti kikawa kinavuta upande naye anakirudisha. Mtu mmoja alitaka kumsaidia, Bi Mwantumu akamzuia kwa jicho tu. Alipofika mwisho akageuka, akafunga breki, akatulia kungoja zamu yake.

Wakaingia wawili wengine, fundi bomba wa Korogwe na mkewe, wakamfunga Bwana Mbelwa. Sasa tukamwangalia. Akabonyeza 'Cheza tena'. Akafungwa tena. Akabonyeza. Mhasibu wake aliona haya, akainuka kwa kisingizio cha kwenda chooni, akaingia mwingine, wakafungwa. Akabonyeza. Foleni haikusogea hata hatua moja. Watu waliotoka Lushoto alfajiri wamesimama ukutani na mikoba yao, na mtu mmoja amekalia nafasi kwa sababu kampuni ni yake.

Alipofungwa mara ya tano, Bi Mwantumu akatoka kwenye foleni akaja mpaka mbele. "Baba," alimwambia, "umefungwa mara tano. Yule mzee miguu yake haiendi, kafungwa mara moja kainuka. Wewe una miguu mizima, umeganda hapo. Huoni hata haya?"

"Mama, mchezo ni wangu," Bwana Mbelwa akasema.

"Basi cheza."

Bi Mwantumu akarudi ukutani. Fundi bomba wa Korogwe akaweka simu chini, akainuka. Mkewe akainuka. Wa nne, yule aliyekuwa akicheza upande wa Bwana Mbelwa, naye akainuka. Bwana Mbelwa akabaki peke yake kwenye benchi la watu wanne. Akaita mwingine, hakuna aliyekuja. Akataja jina, mwenye jina akaangalia dari. Akabonyeza 'Cheza tena', na kioo kikubwa kikaonyesha kwa watu wote: Subiri wachezaji. Karata za mtu mmoja hazigawiwi, na hilo hata mtoto anajua, lakini yeye ilibidi afundishwe mbele ya watu sitini.

Hakuna aliyezomea. Ningependa kusema walizomea, mimi mwenyewe nilitaka kuzomea, lakini watu walimtazama tu. Mwisho akainuka. Akapita mbele ya foleni yote, uso umemwiva, akafika mwisho, akasimama pembeni hajui akae wapi.

Mzee Shekue akasogeza kiti chake kidogo kumpa nafasi. "Mwisho ni hapa," akamwambia, "nyuma yangu."

Bwana Mbelwa akasimama nyuma ya mzee. Fundi bomba na mkewe wakarudi benchini, na foleni ikaanza kusogea. Zamu ya Mzee Shekue ilipofika alicheza na Bi Mwantumu, wakashinda mara tatu, ya nne wakafungwa, akashika magurudumu yake akaondoka, wala hakuna mtu aliyemwambia akae. Jumatatu yake Riziki aliingia ofisini, akakaa kwenye meza yake, akairudisha sheria ya baba yake bila kumwomba mtu ruhusa. Bwana Mbelwa alipita nyuma yake, akaona anachoandika, akaenda zake.

Na tangu siku hiyo karata zikaacha mlango wa watu, zikawa na benchi lake zenyewe, na ngome ile haina hata anayeikumbuka, farasi wangu wote mia mbili na arobaini wamekufa njaa. Na tangu siku hiyo, ukifungwa mchezo unakuinua, uwe nani, ukasirike usikasirike, unakwenda mwisho wa foleni kutazama wenzako. Ukurasa wa mbele bado umeandikwa Umebuniwa na Mbelwa, kwa maandishi makubwa yale yale, na jina la Riziki halipo mpaka leo, na mimi nitalisema jambo hili kila nikipewa nafasi mpaka nife. Bwana Mbelwa huingia kucheza kila jioni kwa jina lake kamili, ili watu wamjue. Watu wanamjua. Wanamfunga, na mchezo alioandika kwamba ni wake unamwinua.