Mrithi na Jumamosi za Nyanya Ntinyari

Mbacha ni mkeka uliochakaa. Panya ameutafuna pembeni, katikati umetoboka, lakini ndio unaoulalia kila siku. Msala ni mkeka mzuri wa kuswalia, wa mgeni. Atautandika kwako, atasali, ataukunja na kwenda zake nao. Wenzetu wa pwani walipotuonya tusiache mbachao kwa msala upitao, walijua kuwa jicho la binadamu hupenda kipya. Sisi wa huku milimani hatutandiki misala, lakini onyo hilo limetufikia. Liliingia nyumbani kwa Kawira, karibu na Muthara, tena bila kubisha hodi.

Kawira alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, Kaimenyi, kijana wa miaka ishirini na minne, mwenye sauti nzito iliyonyamazisha hata mbwa. Hakuwa kijana wa hivi hivi. Babu yake, ambaye Kaimenyi alirithishwa jina lake, alikuwa Mugwe, yaani mshika baraka wa watu wake. Mugwe si chifu. Hana askari wala hana korti. Kazi yake ni kubariki. Baraka hiyo hukaa katika mkono wa kushoto, ndiyo sababu mkono huo hufunikwa kwa joho mbele za watu, usionwe na yeyote.

Babu alipougua, mwanawe, mume wa Kawira, alikuwa ameshatangulia mbele ya haki na mjukuu alikuwa bado shuleni. Basi maneno ya baraka aliyaweka kwa mkewe, Nyanya Ntinyari, ayatunze mpaka mjukuu akomae. Yalikuwa mafungu saba: la mvua, la mashamba, la mifugo, la nyuki, la akina mama wajawazito, la watoto, na la amani. Wazee waliijua idadi na mpangilio wake, ila maneno yenyewe hawakuwa nayo. Walikata shauri kwamba Kaimenyi asimikwe mwisho wa mwaka, akishayajua yote. Kila Jumamosi angekwenda kwa nyanyake kufundishwa, sikio kwa mdomo.

Mwezi wa Januari mambo yalikwenda kama maji mteremkoni. Kawira alikuwa akimpelekea mama mkwe uji wa wimbi, akimkuta ameshaketi kwenye kigoda, shuka begani, akimsubiri mjukuu.

"Mume wangu amefika!" Nyanya alikuwa akisema, kwa kuwa kijana alibeba jina la mumewe. "Umechelewa. Ulikuwa kwa mke mwingine?"

"Mke gani, Nyanya? Wewe peke yako unanimaliza."

"Basi niletee sukari. Mume asiye na sukari ni mgeni tu."

Wakimaliza kucheka, Nyanya alimfukuza Kawira hadi jikoni, na maneno yakaanza. Nyanya alikuwa akichovya kidole kwenye asali, anatema mate kidogo ya baraka kifuani mwa kijana, halafu anamnong'onezea. Siku moja Kaimenyi alitoa simu.

"Nyanya, hebu nikurekodi. Nitasikiliza nikiwa na nafasi."

Nyanya aliitazama simu ile kama mtu anayeangalia ndizi mbichi. "Simu haina mate," alisema. "Weka hicho kitu mfukoni, mume wangu, ufungue masikio."

Kufikia mwisho wa Februari alikuwa ameshika mafungu manne. Kawira alimshukuru Mungu kanisani, akatoa na sadaka ya ndizi. Hakujua kuwa furaha yake ilikuwa ya mvuke, haikukawia kupaa.

Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi. Mtu mmoja aitwaye Riungu, mwenye tumbo la kutangulia na ulimi wa asali, alikuwa akitafuta kiti. Alikuja na gari jeusi lililong'aa mpaka kuku wakajitazama humo. Alimkuta Kaimenyi anapalilia maharagwe.

"Wewe ni mtoto wa kifalme, halafu unashika jembe?" alisema. "Watu wanataka kukuona, bwana! Njoo utembee na mimi. Wewe ubariki, mimi niongee."

"Bado sijasimikwa," Kaimenyi alijibu.

"Utasimikwa na wazee kumi chini ya mti. Mimi nitakusimika mbele ya watu elfu kumi."

Kawira, aliyekuwa akisikiliza kutoka zizini, alitoka haraka. Lakini mwanawe alikuwa ameshaacha jembe.

Jumamosi ya kwanza alikwenda Mikinduri kufungua fainali ya mpira. Ya pili alizindua kisima. Ya tatu alikata utepe wa ofisi ya akina mama. Riungu alimshonea joho jipya lenye shanga na manyoya, na vijana wakaanza kumwita Mfalme. Picha zake zilijaa kwenye simu za watu. Kichwa cha kijana kikavimba kama andazi kwenye mafuta.

Na kila Jumamosi Nyanya Ntinyari aliketi kwenye kigoda, macho barabarani. Uji ulipoa, ukafanya ngozi juu.

"Mama Kaimenyi," alimwambia Kawira Jumamosi ya tatu, na siku hiyo hakukuwa na mzaha usoni. "Mimi ni mzee. Nikikohoa usiku nasikia kifo mlangoni. Mwambie mtoto aje."

"Nitamwambia, Mama. Lakini hata mimi unaweza kuniambia hayo matatu, nimwandikie kwenye daftari."

"Hata mimi niliolewa hapa, nilipewa niyatunze tu, na kwa sikio lake peke yake. Nikikupa nitakuwa nimeyamwaga." Alimshika mkono. "Sikunyimi kwa ubaya, mwanangu. Mwite tu."

Jioni hiyo Kawira alimngoja mwanawe mlangoni. Alimweleza neno kwa neno. Kaimenyi alikuwa anavua viatu vipya.

"Mama, unaogopa kila kitu. Nikichelewa unaogopa, nikiwahi unaogopa. Nyanya amekuwa mzee tangu nizaliwe. Mchujo wa chama ukiisha tu nitakaa naye mwezi mzima."

"Kifo hakingoji mchujo, Kaimenyi."

"Sasa unamtakia nyanya yangu kifo?"

Kawira alinyamaza. Hapo ndipo alipokosea, na baadaye alijilaumu sana, kwani mzazi akiogopa uso wa mwanawe huwa amemkabidhi usukani wa gari linaloteremka. Alikwenda kulala, usingizi ukamkataa.

Jumamosi ya nne, saa tano asubuhi, alimkuta Nyanya ameegemea ukuta, mdomo umepinda upande mmoja. Neno moja moja bado lilikuwa linatoka. "Ka... imenyi," alisema. "Upesi."

Kawira alimwita jirani amshike Nyanya, akapiga simu ya mwanawe. Ikapokelewa na msaidizi wa Riungu. "Mfalme yuko jukwaani. Piga baadaye." Akapiga tena. Ikazimwa. Guu mosi, guu pili, alifika barabarani na kupanda bodaboda kwenda Laare. Njiani alikuwa akimpiga dereva begani kama mtu anayeharakisha punda.

"Mama, hii ni pikipiki, si ndege," dereva alilalama.

"Ifanye ndege, mwanangu! Mtu anaondoka!"

Soko la Laare lilikuwa limefurika. Wafungaji wa miraa walikuwa wameacha mafungu yao kwenye majani ya migomba, wote wanatazama jukwaa. Riungu aliushika mkono wa kulia wa Kaimenyi, akauinua juu. Umati ukapiga kelele. Kijana, kwa ulevi wa kelele zile, akainua na wa kushoto. Mkono uliofunikwa tangu enzi za babu zake ulikuwa uchi juani, vidole vitano vikipunga. Vijana walishangilia. Wazee wachache waliokuwa pale waliinamisha nyuso, wakatazama miguu yao.

Kawira alijipenyeza hadi nyuma ya jukwaa, akamvuta mwanawe joho. "Nyanya yako anaondoka. Bado anaongea. Twende sasa hivi!"

Rangi ilimtoka Kaimenyi. Alimgeukia Riungu. Riungu alimwekea mkono begani, akatabasamu kwa ajili ya kamera. "Mama, mpe dakika kumi. Nikimaliza, nitawapeleka na gari langu. Gari si litashinda bodaboda?"

"Dakika kumi, Mama," Kaimenyi alisema.

"Mwanangu, nakupigia magoti."

"Dakika kumi tu!"

Dakika za mwanasiasa hazina saa. Riungu aliongea juu ya barabara, akaongea juu ya bei ya miraa, akawatukana wapinzani, akacheza ngoma, akarudi kwenye barabara. Kawira alisimama pale nyuma, kanga yake ameiuma kwa meno. Walipofika Muthara ilikuwa saa tisa kasoro.

Nyanya Ntinyari alikuwa hai. Aliishi hata miezi mitatu baada ya siku hiyo. Lakini ulimi ulikuwa umefungwa. Kaimenyi alipopiga magoti, bibi kizee alitema mate kifuani mwake, akaweka mdomo sikioni mwake, na ikatoka pumzi tupu. Alijaribu tena. Machozi yakamtiririka kwa upande mmoja wa uso, ule uliokuwa bado unajua kulia.

Mwezi uliofuata Riungu alibwagwa kwenye mchujo. Kaimenyi alimpigia simu, haikupokelewa. Akampigia tena, akaambiwa nambari haipatikani. Siku ya tatu alikuja dereva, akasema joho ni mali ya kampeni. Akalikunja, akaliweka kwenye gari, akaenda zake.

Kuanzia hapo Kaimenyi alikwenda kwa nyanyake kila siku ya Mungu. Alimlisha uji kwa kijiko, akaitazama midomo yake ikisogea, akibahatisha neno hili na lile. Nyanya alikuwa akitikisa kichwa: siyo. Siyo. Siyo. Mvua ndefu zilipokatika, walimzika.

"Utawaambiaje wazee?" Kawira alimwuliza mwanawe.

"Nitatunga, Mama. Nani atajua? Walioyajua wote wamezikwa."

Kawira alitamani kukubali. Ni nani asiyetaka mwanawe akae kwenye kiti cha babu yake? Miezi yote iliyobaki alitembea na siri hiyo kama mtu aliyemeza kaa la moto.

Siku ya kusimikwa ilifika. Mchungaji aliomba kwanza, kisha Mzee Mutegi, msemaji wa wazee, akasimama na fimbo ya Mugwe mkononi.

"Mkono tuliuona," alisema. "Kosa hilo lina kondoo wake wa utakaso, na kondoo alichinjwa. Leo hatutaki mkono. Tunataka maneno."

Kaimenyi alisimama, joho la zamani la babu yake limemfunika begani. Akabariki mvua, watu wakaitikia. Akabariki mashamba, wakaitikia. Akabariki mifugo, akabariki nyuki, na sauti yake ilikuwa tamu kiasi kwamba Kawira alianza kupumua. Ndipo akina mama wajawazito waliposogea mbele, kama ilivyo desturi, na nyuma yao wanawake wenye watoto wachanga. Mmoja alikuwa amemwinua mtoto wake kwa mikono miwili, amemnyooshea Kaimenyi.

Kaimenyi alifungua mdomo. Maneno aliyoyatunga yalikuwa pale pale ulimini. Akamtazama yule mtoto. Akafunga mdomo.

"Endelea," Mzee Mutegi alisema.

Kaimenyi alilivuta joho la babu yake begani.

"Umebariki mbuzi, kijana wangu. Watoto je?"

Kawira alijua sasa hivi mwanawe angesema uongo au angesema ukweli, na hakujua ni upi anaouogopa zaidi.

"Sina," Kaimenyi alisema. "Nyanya aliniita Jumamosi nne. Alikuwa nayo yote, mimi nilikuwa nashangiliwa. Ningeweza kutunga sasa hivi, na mngeitikia. Lakini huyu mtoto sitamdanganya."

Yule mwanamke alimshusha mtoto wake taratibu, akamfunga mgongoni, akarudi alikotoka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Hakuna aliyemtukana Kaimenyi, na hilo lilimchoma Kawira kuliko matusi. Alitembea mpaka aliposimama mwanawe, akasimama kando yake, maana hakukuwa na mtu mwingine wa kusimama hapo.

Mzee Mutegi aliifunga fimbo ile katika ngozi. "Kiti hiki hakitakaliwa na mtu," alisema, na sauti yake ilikatika. "Nusu ya baraka haibariki. Umesema kweli, kijana, na kwa hiyo utaishi kati yetu bila aibu. Lakini watoto hawa watakua bila neno lao, na wajukuu wao pia. Wazazi mnaosikia, kawaambieni watoto wenu nyumbani: usiache mbachao kwa msala upitao."