Bi Mwanakombo na Zawadi Isiyogawanyika

Sogeeni. Mwenye kikombe akishike vizuri, mwenye jibu alifiche mpaka nimalize. Hadithi hii nimezunguka nayo sana. Niliisimulia Bujumbura, nikaisimulia Lubumbashi, na pale mpakani Tunduma mkaguzi wa mizigo aliliacha begi langu wazi akaenda kubishana na abiria. Begi lenyewe halikuwa na la maana, suruali zilizokataa kufunga kiunoni na dawa ya kiungulia, lakini ubishi ule ulikuwa mkubwa na mpaka naondoka haukuwa umeisha.

Palikuwa na watoto watatu wa mama mmoja, wazaliwa wa Ngamiani, Tanga, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Shaweji, mkubwa, alikuwa na kipaji cha kupata. Mtupe kwenye soko asilojua lugha yake, atatoka na kitu unachokitaka, kwa bei itakayomfanya muuzaji ajilaumu mpaka Ijumaa. Huyu aliishi Maskati, Omani, akiendesha lori la maji.

Mwanaheri, wa kati, alikuwa na kipaji cha kutunza. Hakutupa kitu, na alichokitunza hakikuoza wala kushika ukungu. Huyu aliolewa Moshi.

Kibwana, kitindamimba, alikuwa na kipaji cha kufufua. Redio iliyokwisha kuliliwa, pasi iliyokwisha kusahauliwa, simu iliyotumbukia chooni, vyote vilirudi duniani mikononi mwake. Huyu aliishi Dar es Salaam, chumba na sebule, na mkewe.

Mama yao, Bi Mwanakombo, alibaki Tanga peke yake. Mumewe, marehemu Mzee Makame, alikuwa mpishi wa shughuli. Hakuna harusi Ngamiani iliyoliwa bila mwiko wake, na hakuna sikio lililopona kelele zake.

Mwanzoni mwa masika Bi Mwanakombo aliteleza bafuni. Alilala pale sakafuni tangu asubuhi mpaka jirani yake, Bi Tunu, alipokuja kuomba chumvi na kumsikia akiita. Mfupa haukuvunjika, ila daktari alisema wazi: "Huyu mama asiishi peke yake tena."

Basi watoto wakafanya kikao. Kwa kuwa wako mbalimbali, wakakifanyia kwenye kundi la familia, kwenye simu, kwa kutumiana sauti. Na humo kundini mama naye alikuwemo. Walimwingiza wenyewe ili apate salamu za Idi, kisha wakasahau. Walidhani hajui kubonyeza. Wenzangu, mtu aliyelea watoto watatu na mume mpiga kelele atashindwa na kitufe?

Akamsikia Shaweji: "Mimi huku tunalala sita chumba kimoja. Na huko nyumbani kwangu kuna mke na watoto, na mke wangu na mama mnawajua. Siku ya pili watagombania chungu."

Akamsikia Mwanaheri: "Mimi niko kwa mume jamani. Mama akae nyumba moja na mkwewe? Siku akimfumania mkwe anatoka bafuni na taulo, sote tutahama mji. Halafu watu watasema nini, mama mzima anakula kwa mkwewe kama hana watoto wa kiume?"

Akamsikia Kibwana: "Mimi nina chumba na sebule. Mama nimweke wapi, juu ya friji?"

Na wakacheka. Hilo nalo alilisikia.

Aliyepata wazo ni Kibwana. "Mnajua tatizo la mama ni upweke," alisema. "Akipata cha kumchangamsha hata kuzungukazunguka atapunguza. Zipo kompyuta ndogo, kama pakiti ya sigara, bei yake chee. Unaichomeka kwenye runinga, unaijazia video, basi. Tumwekee baba."

Wote walilipenda wazo lile upesi mno. Mimi nayajua mawazo ya namna hiyo. Ni kama mtu anayekuletea mwavuli ili asikukaribishe ndani.

Sasa sikilizeni kazi ya kila mmoja, maana hapa ndipo penye kesi.

Shaweji alizunguka Maskati siku zake za mapumziko, kwenye jua linalopika yai juu ya boneti, kutafuta kompyuta hiyo. Mpya zilikuwa ghali, za mtumba zilikuwa mbovu. Akaipata moja kwa fundi wa Kimalabari kutoka Uhindini, akabishana naye mpaka wakanyweshana chai, akapewa na kijisanduku chake, memori kadi na waya wa kuunganisha runinga. Akaifunga ndani ya soksi na kumkabidhi msafiri. Bila yeye pasingekuwa na mashine.

Mwanaheri alifungua ndoo. Ndani ya ndoo ile, katikati ya mchele ili zisipate unyevu, alikuwa amehifadhi kanda za video za harusi, zile kubwa za zamani. Mama mkwe wake alimwambia azitupe, mumewe alimwambia azitupe, hata mimi ningemwambia. Hakutupa. Zilizokosekana akazifuata mlango kwa mlango kwa maharusi wa zamani, wengine wamekwisha kuachana na wanamwona kama amekuja kuwachokoza. Akazipeleka studio zikahamishiwa kwenye flashi, akaituma Tanga. Maana katika kila harusi, nyuma kabisa, kwa sekunde chache, alionekana Mzee Makame na mwiko wake akimfukuza mpiga picha. Bila yeye pasingekuwa na baba.

Kibwana alichukua likizo, akaenda Tanga. Akaipakia programu kwenye memori kadi, akazikata zile harusi zote akabakiza baba tu, akaipanga mashine ili mama abonyeze kitufe kimoja cha rimoti na mumewe atokee. Haikuwa kazi laini. Kwanza alitumia chaja ya simu, umeme ukawa hautoshi, mashine ikawa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Akatafuta adapta yenye nguvu. Halafu picha ikaja bila sauti: Mzee Makame anafungua kinywa, mwiko unapaa, kimya. Bi Mwanakombo akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Kibwana, mmemfanya nini baba yako? Huyu hajanyamaza hata siku moja."

"Sauti inatokea tundu jingine, mama. Subiri."

"Nasubiri. Hata yeye nilimsubiri hivyohivyo, harusi zote hizo."

Kibwana akahangaika na mipangilio mpaka sauti ikafunguka, na nyumba nzima ikajaa: "Toa hilo dude lako hapa! Mvuke huo, huoni? Umekuja kupiga picha bibi harusi au wali?"

Bi Mwanakombo alikaa chini. Alicheka, akalia, akacheka tena huku analia. Bila Kibwana, mashine ingebaki plastiki na baba angebaki utepe.

Ikafika Idi. Wote watatu wakakutana Tanga, Shaweji naye amekuja likizo. Wakala, wakashiba, wakamtazama baba akifukuza wapiga picha. Kisha mama akachukua rimoti akasimamisha picha.

"Wanangu," alisema, "mwaka huu sijapata furaha kama hii. Aliyenirudishia baba yenu nina zawadi yake. Ni moja, haigawanyiki, nami nitampa mmoja tu. Niambieni ni nani."

Hapo mjue kwamba Bi Mwanakombo alikuwa na kashamba ka minazi kule Muheza. Hakukataja. Lakini mimi niliyesimuliwa na Bi Tunu, aliyekuwa hapo mlangoni na sahani yake ya biriani, nawaambia kwamba minazi ile ilionekana kwenye macho ya wote watatu.

"Mama, mimi sipendi kujisifu," Shaweji alianza, na mtu akianza hivyo kaa vizuri. "Lakini bila mashine mngetazama nini? Mngeichomeka ndoo ya mchele kwenye runinga? Mimi nimekaangwa na jua."

"Kaka, mashine zinauzwa," alisema Mwanaheri. "Hiyo ikikosekana ipo nyingine. Baba anauzwa wapi? Kanda hizi nimezipigania ndani ya nyumba yangu mpaka ndoa ikayumba. Ningezitupa, leo mngetazama kijisanduku kinawaka taa nyekundu."

"Dada, wewe ulikuwa na kanda miaka yote," alisema Kibwana. "Mama alimwona? Na wewe kaka ulituma soksi. Mimi ndiye niliyekaa hapa, nimekata harusi mpaka nikiwaona maharusi naumwa kichwa. Aliyemfufua mzee ni mimi."

Waliendelea hivyo, sauti zinapanda. Walitajiana ya udogoni, nani alivunja chungu, nani alisingiziwa. Bi Tunu aliacha kutafuna. Mama akawaacha mpaka wakaishiwa pumzi.

"Basi nyote mnaitaka," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Bila kujua ni nini?"

"Zawadi ya mama haiulizwi," alisema Shaweji, na wadogo zake wakaitikia kwa vichwa.

"Vizuri. Zawadi ni mimi. Nitahamia kwa huyo mmoja, niishi naye mpaka Mungu atakaponichukua."

Wenzangu, nimewahi kukwama kwenye lifti Nairobi na watu wasiojuana, wote tukitazama viatu. Ndivyo wale watatu walivyotazama miguu yao.

Shaweji ndiye aliyekohoa kwanza. "Mama, tukisema haki," alisema taratibu, "mimi nilinunua tu. Kununua ni kazi gani? Kazi ya kweli ni ya Mwanaheri, aliyemtunza baba miaka yote hiyo."

"Mimi?" Mwanaheri aliruka. "Kaka, kuweka vitu kwenye ndoo ni kazi? Hata panya anaweka. Fundi ni Kibwana. Si amesema mwenyewe kwamba yeye ndiye aliyemfufua?"

"Nilitania," alisema Kibwana. "Programu yenyewe inapatikana bure, inajipanga yenyewe, mtoto yeyote angeweza. Mashine ndiyo kila kitu. Kaka Shaweji amekaangwa na jua, jamani, mbona hamlioni hilo?"

Na wakaanza upya, ubishi uleule umegeuzwa kama kanzu iliyovaliwa ndani nje. Kila mmoja alimsifu mwenzake kwa sifa ambazo hakuwahi kumpa tangu azaliwe. Bi Tunu aliniambia hajapata kusikia ndugu wakipendana kiasi kile, na kwamba alitamani aondoke ila miguu ilikataa.

Bi Mwanakombo hakupandisha sauti.

"Mlipokuwa mnanijadili kwenye simu niliwasikia," alisema. "Sauti zote, na kicheko. Sikuwalaumu. Shaweji kweli ana mke mkali, Mwanaheri kweli yuko ukweni, Kibwana kweli hana nafasi. Hakuna aliyesema uongo. Lakini kwa mwezi mzima nilikuwa mzigo unaotafutiwa pa kutuliwa. Nikasema, kabla sijafa, ngoja niwe zawadi angalau mara moja, watoto wangu wanigombanie." Akafuta rimoti kwa upindo wa kanga. "Na mmenigombania. Nusu saa hivi. Nawashukuru."

Mwanaheri akaanza kulia. Shaweji akasema, "Mama, sivyo ulivyoelewa." Kibwana akasema labda wapangiane zamu, miezi minne minne.

"Nimesema haigawanyiki," alisema mama. "Mimi si jenereta la mtaa. Mmoja. Mkikubaliana mniite." Akaingia chumbani kufunga nguo zake, akawaacha na baba yao kwenye kioo, mwiko juu, kinywa wazi.

Haya, mimi nimefika mwisho wa ninachokijua. Lubumbashi walimpa Shaweji, wakasema mkubwa ni mkubwa na mama hukaa kwa mtoto wa kiume. Mama mmoja akasimama akauliza: hata kama huyo mtoto yuko ng'ambo na chungu ni cha mkewe? Bujumbura walimpa Mwanaheri, wakasema aliyeweza kumtunza baba kwenye mchele atashindwa kumtunza mama kwenye chumba? Mwanamume mmoja akajibu kwamba kanda hailali na mkwe ukuta kwa ukuta. Tunduma walimpa Kibwana, kwa kuwa ndiye aliyekwenda na kukaa. Yule mkaguzi akapinga: Kibwana huyohuyo ndiye aliyefanya mzaha wa friji.

Wengine huniambia aachwe nyumbani kwake na mashine yake. Hao huwa nawakumbusha sakafu ya bafuni.

Kazi zilikuwa sawa. Visingizio vilikuwa vya kweli. Zawadi ni moja, na aliyeitoa hakuuliza nani anaiweza, aliuliza nani anaistahili. Je, utampa unayeona anastahili hata kama nyumba yake itamwumiza mama, au utampa mwenye nyumba nafuu hata kama kesho atamwona mama kama faini aliyotozwa?

Wewe, uliyekuwa ukitabasamu tangu mwanzo, anza. Ungemkabidhi nani? Ila usichelewe. Mama yuko barazani na furushi lake, na viatu ameshavaa.